Mwiko kwa Lugha Mbili

Baba yangu, Ahmednur Keinan, aliingia Kwa Vonza mwaka 1932 akiwa na mbuzi, kovu la moto kwenye mkono wa kushoto, na lugha ambayo hapakuwa na mtu mwingine aliyeijua. Mbuzi walipata wanunuzi siku ileile. Kovu nalo alilieleza: alikuwa mchochea makaa kwenye meli za Wafaransa, akipanda Jibuti na kushuka popote meli iliposhuka. Lugha yenyewe watu waliiita Kimalay, kwa kuwa ndilo jina alilolitaja alipoulizwa. Na kwa kuwa hakuna pale aliyekuwa na Kimalay chake cha kulinganisha, maneno yaliishia hapo.

Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyependa kujieleza. Alinunua mbuzi upande wa kaskazini, akawateremsha hadi Kitui na kuwauza. Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Kiilu, Mkamba wa hapohapo, aliyejua kila kisima na kila ugomvi baina ya visima. Jioni Kiilu alimwambia aongee ile lugha yake ya baharini, na baba akaongea.

"Mtu ni *orang*," baba akasema. "Watu ni *orang-orang*."

"Na watu wengi sana?"

"*Orang-orang*. Haiendi zaidi ya hapo."

"Na mtu mkubwa, kikombe kikubwa, unabadilisha?"

"Hubadilishi kitu. Kubwa ni kubwa."

Kiilu alifikiri kidogo. "Mtu kubwa, kikombe kubwa, mbuzi kubwa," akasema. "Kumbe hata mimi naongea Kimalay."

Mama yangu aliitwa Tumu binti Abdulkadir. Babu Abdulkadir alikuwa fundi cherehani mjini Kitui, na baba yake alikuwa ametoka pwani zamani za misafara. Baba alipokwenda kuposa, babu alimkaribisha kahawa, akamuuliza habari za ukoo, kisha za dini, kisha, kwa kuwa sifa zilikuwa zimeshamfikia, akamwambia ahesabu kwa Kimalay.

"*Satu*," baba akaanza. "*Dua*."

Babu akainua mikono, akaangalia chini, akangoja.

"*Tiga*," baba akasema.

Babu akashusha mikono. Baadaye alimwambia mama kwamba kijana anafaa, ila ni wa kusikilizwa kwa makini.

Basi wakaoana, wakakaa Kwa Vonza, katika nyumba ya udongo yenye bati mbele na nyasi nyuma. Mama alipika chai na mahamri, akauzia wenye kuja sokoni. Baba aliendelea na mbuzi. Ndani ya nyumba walizungumza Kiswahili, cha mama kikiwa cha ufundi na cha baba kikiwa cha kutosha. Lakini baba alikuwa na maneno mengine, aliyoyasema bila kufikiri. Alihesabu mbuzi kwa namna ya ajabu: akifika tano, hakwenda sita, bali alisema tano-na-moja, tano-na-mbili, mpaka kumi. Kiilu alisema ni hesabu ya mtu mwenye mkono mmoja. Baba alifukuza kuku kwa neno fulani, akaita chakula kwa neno jingine. Naye mama, baba alimwita *oun*.

Mama alimuuliza siku za mwanzo, "*Oun* maana yake nini?"

"Maana yake ni wewe," baba akasema.

Mama aliridhika na jibu hilo kwa muda wa miaka miwili. Katikati ya miaka hiyo nilizaliwa mimi, siku ya Jumatano, nikaitwa Arbaco, jina ambalo kwa Kisomali ni hiyohiyo Jumatano. Ninayoyasimulia nimeyapata kwa mama mwenyewe, ambaye hakuwa mtu wa kuongeza chumvi. Wakati mwingine alipunguza.

Mwaka 1934, karibu na mwisho wa kiangazi, mzungu mmoja aliyekuwa akipima njia ya barabara alivunjikiwa na springi ya gari karibu na soko. Springi ilibidi itoke Nairobi. Mzungu akakaa Kwa Vonza kuingoja, akanywa chai ya mama kila asubuhi, na siku moja akataka mbuzi wa kuchinja. Baba akaletewa habari, akaja na mbuzi, na kwa kuwa mmoja wao alikataa kusimama, akamsemesha kama alivyozoea: "*Kambing, kambing*, simama!"

Mzungu akaweka kikombe chini. Akasema, "*Apa khabar?*"

Baba akamtazama. "*Khabar baik*," akajibu.

Watu waliokuwa wakinunua mahamri wakasogea wasikilize. Wawili wale wakaongea kwa muda, wakicheka mahali ambapo hakuna mwingine aliyeona la kuchekesha. Ilibainika kwamba mzungu huyo alikuwa amefanya kazi katika mashamba ya mpira huko Malaya kabla ya kuja Kenya. Katika mazungumzo yao watu walidaka neno *dunia*, wakadaka *sebab* na *waktu*, wakatazamana.

"Hii ni Kiswahili," Kiilu akasema. "Lakini imegongwa na gari."

Mama alielewa mapema zaidi. Aliona kwamba Waarabu walifika huko kama walivyofika pwani, wakaacha maneno yaleyale, kama mgeni anayesahau kofia katika kila nyumba anayolala.

Kisha baba akahesabu mbuzi, ili mzungu achague. "*Muoi, pi, bei, buon, pram*," akasema. "*Pram-muoi, pram-pi...*"

Mzungu akamzuia kwa mkono. Akarudi kwenye Kiswahili chake, ambacho kilikuwa cha kuamrisha watu wabebe vitu. "Hiyo si Malay," akasema. "Hiyo nyingine. Hiyo mimi hapana jua."

"Ni ya Kambodia," baba akasema. "Kikhmer. Ni jirani."

"Wewe najua lugha mingi sana," mzungu akasema, akachagua mbuzi.

Springi ikafika, mzungu akaenda zake, na barabara yenyewe haikupita pale. Lakini mama alikuwa amesikia. Kwa miaka miwili alikuwa ameishi na lugha moja ya mumewe, na sasa zilikuwa mbili. Hakukasirika. Alisema alijisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba gunia alilodhani la kunde limechanganywa na pojo. Kitu cha kufanya ni kuchambua.

Alianza siku ya pili yake, wakiwa wamekaa nje ya jiko, yeye akichagua kunde kwenye ungo na baba akisuka kamba ya kufungia mbuzi.

"Baba Arbaco," akasema. "Kamba kwa Kimalay ni nini?"

"*Tali*."

"Na kwa hiyo ya Kambodia?"

Baba akafikiri. "Sijui."

"Makaa?"

"*Arang*."

"Kwa Kambodia?"

"Sikuwahi kuambiwa."

"Meli?"

"*Kapal*. Hiyo nyingine sijui."

Baba alikuwa akifurahia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mkewe kumuuliza mambo ya meli. Akampa maneno mengine bila kuombwa: lipa, bei gani, haraka, moto, bahari, nahodha. Yote ya Kimalay. Akamweleza kwamba zile lugha mbili hazina undugu, ni kama Kisomali na Kikamba, ila kwa kukaa jirani zimeazimana vitu. Nyati wa kulimia, kwa Kimalay ni *kerbau*, kwa Kikhmer *krabei*. Kichwa, *kepala* na *kbal*. Kijiji cha Wamalay ni *kampung*, na Wakhmer wanalo neno *kampong*, lakini kwao ni mahali mashua zinapofungwa. Kimalay, akasema, mtu akifika asubuhi, jioni ataweza kununua chakula. Kikhmer kina sauti nyingi zinazofanana, na mtu anaweza kukaa mwaka mzima akidhani anaomba maji kumbe anaomba kitu kingine.

"Na wewe ulikaa mwaka mzima?" mama akauliza.

"Zaidi," baba akasema.

Mama akapeta ungo, makapi yakaruka. "Chumvi kwa Kimalay?"

"Chumvi..." Baba akatafuta. "Sikumbuki."

"Kwa Kambodia?"

"*Ambel*."

"Mlango?"

"*Thvea*."

"Hicho ni Kimalay?"

"Hapana, Kambodia."

"Na kwa Kimalay?"

"Meli haina mlango wa kufunga," baba akasema. "Ina vifuniko."

"Mvua inayopiga paa?"

"*Phlieng*. Kambodia."

Mama akaokota jiwe dogo katika kunde, akalitupa. "Mwiko," akasema.

"Kwa Kimalay sijui. Bandarini nani anahitaji mwiko?"

"Na kwa Kambodia?"

"*Vaek*," baba akasema.

Mikono yake iliendelea na kamba kidogo, nayo ikasimama. Mama akamaliza kunde, akaziloweka, akaingia ndani kufunga mtoto mgongoni. Mtoto nilikuwa mimi.

Siku iliyofuata alipanda lori la mizigo hadi Kitui kwa baba yake. Hakuaga kwa ugomvi. Alisema tu anakwenda kumsalimia mzee. Babu alikuwa akishona kanzu za watu za Idi, cherehani ikikimbia, na mama alimsimulia yote huku akipandisha sauti juu ya cherehani.

"Kwa hiyo ana mke ng'ambo," babu akasema.

"Anajua mwiko, Baba. Mwanamume hajui neno la mwiko mpaka akae jikoni kwa mtu."

"Dini inaruhusu wanne."

"Sikuuliza dini. Nimeuliza habari za mwiko."

Babu akasimamisha cherehani. Alikuwa mtu wa haki kwa kiasi kinachowezekana kwa fundi mwenye kazi nyingi. "Huyo mwanamke yuko mbali," akasema. "Hawezi kuja kuazima chumvi kwako."

"Hajaazima kitu," mama akasema. "Mimi ndiye ninayetumia vyake. Ananiita kwa neno lake."

Babu akampa chai, akampa kipande cha kitambaa cha kunishonea gauni, akamwambia akae mpaka moyo utulie. Mama alikaa. Moyo haukutulia, lakini ulichoka, na kitambaa kilipokwisha kuwa gauni akarudi Kwa Vonza.

Alimkuta baba amekaa palepale nje ya jiko. Kiilu alisema baadaye kwamba baba alikuwa amehesabu mbuzi kwa Kisomali siku zote hizo, na mbuzi wenyewe walionekana kuona tofauti.

Mama akaniweka chini kwenye mkeka. "Aliitwa nani?" akauliza.

"Saruon," baba akasema.

Akamsimulia. Mguu wake ulikuwa umeumia ndani ya meli, wakamwacha Saigon. Alipopona alipata kazi katika meli ndogo ya mtoni iliyopanda mpaka Kambodia. Huko walikuwako Waislamu, wakampa mahali pa kulala. Saruon aliuza wali na samaki kwenye gati. Alikuwa na maneno makali na mikono mizuri. Alisilimu asubuhi, wakafungishwa ndoa jioni, wakaishi katika nyumba iliyosimama juu ya nguzo kwa sababu mto ulikuwa na tabia ya kuja kutembea.

"Ulimpenda?"

"Nilimzoea vizuri," baba akasema. Mama alimjua mumewe, akaelewa kwamba hiyo ilikuwa ndiyo.

"Amekufa?"

"Hapana."

"Umemwacha?"

"Yeye ndiye aliyeniacha. Kulikuwa na kitu wanachokula, samaki anayeozeshwa kwa chumvi. Wanatia katika kila mchuzi. Nilishindwa. Akasema, mwanamume asiyekula chakula cha nyumba hii ni mgeni wa nyumba hii. Nikaenda safari moja ya Singapore, nikadhani atatulia. Niliporudi, imamu alikuwa ameshatutenganisha, na yeye ameshaolewa na mtu mwenye nyati."

"Ukafanya nini?"

"Nikawatazama wale nyati."

"Halafu?"

"Walikuwa nyati wazuri," baba akasema.

Mama akakaa chini. Alisema miaka mingi baadaye kwamba hapo ndipo palipomuuma zaidi. "Kama angekuwa amekufa," alimwambia baba, "ningemwombea, tukamaliza. Sasa huyu mzima nifanye naye nini?"

"Hakuna la kufanya naye. Yuko kwake."

"Na *oun*? Maana yake hasa."

Baba akamweleza. Huko mume humwita mkewe kama mtu anavyomwita mdogo wake, *oun*. Mke naye humwita mumewe *bong*, yaani mkubwa wangu. Ndivyo watu wa nyumba moja wanavyoitana.

"Naye ulimwita hivyo?"

"Ndiyo."

"Basi nitafutie jingine."

Baba akatafuta. Kimalay hakikumpa kitu. Maneno yake yote yalikuwa ya kubebea mizigo. Kwa Kisomali alijaribu moja, mama akasema linafaa kumwitia shangazi. Mwishowe akamwita Tumu, kama anavyoitwa na watu wote, na kwa wiki kadhaa nyumba ilikwenda hivyo. "Tumu, chai." "Tumu, mtoto analia." Mama alisema alijisikia kama mtu anayesomwa jina kwenye baraza la chifu.

Asubuhi moja alimwita baba jikoni, akamwonyesha kila kitu kilichokuwamo. "Nimefikiri," akasema. "Hilo neno limekaa kwangu, limekula chakula changu miaka miwili. Silifukuzi. Lakini siwezi kuishi na lugha nusu, nikajua neno moja na wewe ukajua yaliyobaki. Nifundishe yote."

"Yote?"

"Yote unayoyajua. Anza na sufuria."

Baba hakuwa mwalimu, na hakutaka. Alisema maneno mengine yamemtoka. Mama alisema yaliyotoka yatarudi yakiitwa. Na kweli yalirudi, jiko lilipoulizwa kitu kimoja kimoja: maji, *tuk*; samaki, *trei*; wali, *bai*; lala, *dek*; njoo, *mok*. Siku nyingine neno lilikuja na jambo lake, na mama akaangalia pembeni mpaka lipite. Aliniambia kwamba kujifunza lugha ile kulikuwa kama kuosha nguo za mtu mwingine: unajua alikaa wapi na alimwaga nini.

Kilichomfurahisha zaidi kilikuwa kula. Kimalay, kwa jinsi baba alivyokijua, kila mtu alikula kwa neno moja, *makan*, awe kuli au nahodha. Lakini Wakhmer walikuwa na neno la mfalme anapokula, jingine la watawa wao, jingine la mgeni wa heshima, jingine la mtu wa kawaida, na la chini kabisa lilikuwa la mnyama.

"La mnyama ni lipi?"

"*Si*," baba akasema. "Usilitumie kwa mtu."

Mama akaliweka akilini. Siku baba alipochelewa mnadani na kurudi ugali umepoa, alimkuta mama ameufunika vizuri, na maji ya kunawa yako tayari. "*Si*," mama akasema kwa upole. Baba akanawa, akala. Wageni walimwona mama kuwa mke mtulivu sana.

Ukame ukazidi, nzige wakaja, wakala kilichobaki, na biashara ya mbuzi ikageuka kuwa biashara ya ngozi. Mwaka 1936 tukahamia Mtito Andei, karibu na stesheni, kwa kuwa gari la moshi lilisimama pale iwe mvua imenyesha au haikunyesha. Kiilu alikuja nasi, akisema Kwa Vonza pamekuwa kimya. Mama akafungua mkahawa, baba akauza nyama, na wachuuzi walipokuja kupatana bei, wao wawili walishauriana waziwazi mbele yao kwa Kikhmer, mmoja akikatakata na mwingine akimimina chai. Wachuuzi walidhani ni Kisomali. Wasomali walidhani ni cha pwani. Watu wa pwani walidhani ni Kikamba cha ndani sana, wakawahurumia Wakamba.

Huko Mtito Andei ndiko mama alipomzaa mdogo wangu. Mkunga, mama mmoja wa Kikamba aitwaye Ndululu, alisimulia kwa watu wote kwamba Tumu hakuita mama yake wala Mungu. Aliita, "*Bong! Bong!*" na Ndululu akaleta maji, akaleta kitambaa, akaleta mafuta, na vyote havikuwa hicho.

"*Bong* ni nini?" akamuuliza mwishowe.

"Ni yule aliyesimama nje ya mlango," mama akasema kwa meno yaliyokazwa.

Ndululu akafungua mlango. Baba alikuwa amesimama kwa kweli, na mikono yake haikuwa na kazi. Alikuwa amengoja kwa miaka kuitwa hivyo, ingawa hakuwahi kuomba. Ndululu alisema yule mwanamume aliketi chini mavumbini pale mlangoni, na ikabidi watu wamruke.

Mtoto akaitwa Keinan, jina la baba yake baba. Alikua haraka, na kwa kuwa mama alikuwa na mkahawa na baba alikuwa na nyama, mchana alishinda kwa Ndululu pamoja na watoto wa pale. Wazazi wangu walibishana kidogo neno lake la kwanza litakuwa la lugha gani. Baba alisema Kisomali, kwa sababu ya damu. Mama alisema Kiswahili, kwa sababu ya maziwa. Kila mmoja kwa siri alitegemea litakuwa la Kikhmer.

Siku moja mchana, joto likiwa kali na gari la moshi limechelewa, Keinan alisimama kwa kushika mguu wa meza, akatutazama sote, akasema, "*Manzi*."

Ni Kikamba. Ni maji.

Baba alisikitika kidogo. Mama akampa mtoto maji.